Shahidi wa Mgomba

Benitha haingii dukani kwangu kimya kimya. Kwanza husikika pikipiki yake, kisha kicheko, kisha mabuti yake ya mpira yakikung'utwa matope kwenye ngazi niliyotoka kuipiga deki. Nimemsema hadi nimechoka. Yeye ni bibi shamba, mimi nachapa barua na kupiga picha za pasipoti hapa Kayanga karibu na stendi, na urafiki wetu ulianzia kwenye ugomvi wa hayo hayo matope.

Siku ile aliingia bila kicheko. Alishika bahasha yenye mhuri kwa ncha za vidole, akajitupa kwenye kiti cha wateja wa picha.

"Zuena, mahakama imeniandikia."

"Umeua nani?"

"Sijaua mtu. Nimeambiwa nichunguze nini kinaua migomba."

Shauri lenyewe nililijua, maana Kayanga nzima ililijua. Mzee Nestory wa Kiruruma alikuwa amemshtaki jirani yake, kijana aitwaye Winston. Winston alinyunyiza dawa ya kuua magugu shambani kwake ili apande maharage, na wiki chache baadaye migomba ya mzee ikaanza kugeuka njano na kunyauka. Mzee akasema dawa imepeperushwa na upepo, tena makusudi. Watu wakaipokea habari na kuitia chumvi, mpaka Winston akawa haalikwi popote penye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kijana wa watu, kaoa juzi tu, akipita njiani watu wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi ndani. Sasa mahakama ya mwanzo ilitaka taarifa ya mtaalamu iseme ile migomba inauawa na nini.

"Basi sema ni dawa, nikuchapie, tukanywe chai," nikamwambia.

Alinikazia macho. "Mimi si shahidi wa Nestory, Zuena. Wala wa Winston. Mimi ni shahidi wa mgomba. Nakwenda kuuliza mgomba."

"Na utakujibu?"

"Unajibu, ukijua kuuliza." Hapo ndipo kicheko chake kilipotoka, nami nikapumua.

Alitaka nifuatane naye nikapige picha za kuambatisha kwenye taarifa. Mimi ni mjukuu wa mtu wa Tanga aliyekuja huku na marobota ya kanga akanogewa na baridi. Mgomba naujua ukishafika kwenye sahani. Lakini nikafunga duka, nikapanda nyuma ya pikipiki, buibui nimelikusanya mapajani, kamera shingoni, nikawa nasoma dua kila tulipokata kona.

Kibanja cha mzee Nestory ni cha kumfanya mpita njia apunguze mwendo. Baba yake alikipanda, yeye akakikuza. Migomba imeizunguka nyumba pande zote, mibuni iko chini yake, maharage chini ya mibuni. Humo ndimo anamokula, humo ndimo alimosomesha watoto, na kabla hata hatujaketi alituambia humo ndimo atakamozikwa. Kibanja kile kikifa, kinachobaki pale ni bati na matofali.

Tulichokiona kwanza, hata hivyo, kilikuwa rangi nyekundu. Kila mgomba mgonjwa ulikuwa umefungwa kitambaa chekundu kiunoni.

"Shikamoo mzee," Benitha alisema. "Vitambaa hivi ni vya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hivyo ni vielelezo." Mzee alilitamka neno hilo kwa raha, kama mtu aliyenunua kofia mpya. "Mahakamani nimeambiwa niwe na vielelezo. Sasa mgomba nitaubebaje mpaka Kayanga? Nimeviwekea alama. Hakuna kukata, hakuna kugusa, mpaka hakimu aone kwa macho yake."

Benitha akavipitia vitambaa vile kwa macho, kimoja kimoja.

Mkewe, mama Kantengwa, akatoka ndani na kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo cha ukindu. Huku kwetu kahawa hizo ndizo salamu yenyewe. Mgeni akipewa hachagui wala haulizi, anachota na kutafuna. Akikataa, basi ana neno moyoni.

Benitha akaweka mikono nyuma. "Mama, nisamehe sana. Nimetumwa na mahakama. Nikila kwako, watasema taarifa yangu inanukia kahawa yako."

Mama alibaki amesimama na kikapu mkononi. "Waitu, mwanangu, nimekukosea nini?"

Nilimwonea huruma Benitha. Yeye ni mzaliwa wa Muleba, amelelewa kwenye nyumba ambayo kikapu cha kahawa hakikauki, na sasa alikuwa anafanya jambo ambalo mama yake mzazi angemfinya kwa ajili yake. Akatafuta pa kutokea. Macho yake yakaniangukia mimi.

"Zuena atakula kwa niaba yangu. Yeye hakutumwa na mahakama, ametumwa na mimi."

Sijawahi kuwa wakili wa mtu, lakini nilichota. Uchungu ulinipanda mpaka masikioni. Nikasema, "Tamu, mama," na mama akafurahi, akanijaza kiganja tena.

Tukaingia migombani. Benitha akiwa kazini habishani wala haimbi, na huyo ni mwanakwaya wa Kilutheri asiyekaa kimya hata akiosha vyombo. Aligusa majani, akainama, akatazama juu kwenye ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu. Akaomba akate shina moja aone ndani. Mzee akakataa katakata, kielelezo hakikatwi. Wakaelewana kwamba achukue ndizi moja tu, kutoka kwenye mkungu ulioiva kabla ya wakati wake. Akaipasua kwa kisu. Ndani ilikuwa na madoa ya kahawia.

"Ni nini hicho?" nikanong'ona.

"Wewe piga picha."

Nikapiga. Akanionyesha na vitambaa vyekundu vilivyokuwa vimejipanga. Vilianzia jikoni, vikafuata njia mpaka barabarani. Upande wa mpaka na Winston havikuwepo kabisa.

Kisha tukavuka kwa Winston. Migomba yake michache, iliyosimama palepale aliponyunyiza, ilikuwa ya kijani kibichi. Mke wake naye akaleta kahawa, nami nikaendelea na uwakili wangu. Benitha akamwomba Winston achague chipukizi moja asilolihitaji, alinyunyizie dawa ile ile, kisha aliache.

"Bibi Shamba," Winston akasema, "utaniokoa?"

"Sijui. Wewe nisaidie kuuliza tu."

Kijana akainamisha kichwa. Nilijisikia vibaya, kwa sababu alikuwa na uso wa mtu ambaye siku nyingi hajachekewa.

Kuandika taarifa kulinipunguzia miaka ya kuishi. Benitha alikuwa anakuja jioni, anasema, nachapa, anafuta. Taarifa ya kwanza ilisema Winston hana kosa. Akaichana. "Kosa ni kazi ya hakimu. Yangu inaishia kwenye mgomba." Ya pili ilisema "bila shaka yoyote" mara nyingi mno, akaichana nayo. Karatasi zangu hizo! Ilipofika ya tatu ndipo aliponieleza anachokifikiria. Ulikuwa mnyauko, ugonjwa wa bakteria. Unapita kwa nyuki wanaotembelea maua, na unapita kwa panga. Panga lililokata mgomba mgonjwa likikata mzima, limeshaupanda ugonjwa.

"Lakini kwa nini ufuate njia?" alijiuliza, akigonga kalamu kwenye meno. "Kwa nini usianzie katikati?"

Jibu lilikuja lenyewe likiwa na kanga kichwani. Mama Kantengwa alikuwa amekuja gulioni, akapita dukani kuniletea kifurushi cha kahawa za kutafuna, kwa kuwa nilizipenda sana. Nikapokea kwa mikono miwili na moyo mzito.

"Mama," Benitha akauliza taratibu, "ile migomba ya njiani, mara ya mwisho mlikata mikungu lini?"

Uso wa mama ukang'aa. "Si kwenye sherehe ya kumuaga binti yetu Evelyn alipoolewa! Ungekuwepo, mwanangu! Ndugu walikuja kutoka pembe zote za Karagwe na Kyerwa, kila mwanamume na panga lake. Kwetu hakuna mtu anayekuja kusaidia sherehe akaazima panga la mwenye nyumba, hiyo ni aibu. Walikata kuanzia jikoni mpaka barabarani, huku wanaimba. Mzee alicheza mpaka kiatu kikamtoka."

Kalamu ya Benitha ilisimama.

Mama alipoondoka, rafiki yangu alikaa akitazama skrini. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Nitaandikaje hili, Zuena? Nimwambie mzee kwamba furaha yake ndiyo iliyoleta ugonjwa?"

"Andika si dawa, hayo mengine yanyamazie."

"Nikinyamaza, sherehe ijayo itamaliza iliyobaki."

Akaandika. Aliandika kwamba dalili alizoziona ni za mnyauko na si za dawa, na kwamba inawezekana, aliling'ang'ania neno hilo, kwamba ugonjwa uliingia kwa panga siku ile. La nani, hakujua wala hakutaka kukisia. Akabakiza jambo moja tu, kulikata shina, na hilo mzee alikuwa amelizuia hadi siku ya shauri.

Siku ya shauri ikaahirishwa. Hakimu alikuwa ameitwa kwenye mafunzo, tarehe ikasogezwa mpaka mwezi uliofuata. Benitha akaenda Kiruruma kumwona mzee, akarudi dukani na matope mpaka magotini, na safari hii hata hakukung'uta.

"Vitambaa vimeongezeka! Vimeingia mpaka kwenye migomba ya nyuma ya nyumba. Na yule mzee anafurahi! Ananiambia, 'Bibi Shamba, vielelezo vinazaana!'"

"Si umwambie akate?"

"Nimemwambia! Nimemwambia kata, iwe dawa au iwe ugonjwa, wewe kata. Ananiuliza, 'Nikikata, nitamwonyesha nini hakimu? Unataka nishindwe?' Na nyuki wanatoka ua hili wanaingia lile. Nyuki hawajui kuahirisha, Zuena." Alipiga meza, printa ikaruka. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzee huyu anaufunga ufa kitambaa! Mwezi ujao hakutakuwa na kibanja cha kugombea."

Sikuwahi kumwona amekasirika vile. Akaniambia niongeze ukurasa. Akaomba mahakama ije yenyewe ione migomba mapema iwezekanavyo, na itoe ruhusa ya kuikata, kwa sababu kielelezo hiki kinakula mali ya mwenye nacho. Nilimwambia sentensi hiyo haina adabu. Akasema iache. Akaipeleka mahakamani mvua ikinyesha, taarifa ameificha ndani ya koti, yeye mwenyewe kalowa chapachapa. Nilimtazama akiondoka nikasema kimoyomoyo, Mwenyezi Mungu, huyu mwanamke mpe anachokitafuta.

Hakimu aliporudi aliisoma, na hakungoja tarehe. Aliwaita Nestory na Winston wakutane naye kibanjani.

Alikuja mama mmoja mnyoofu, mchache wa maneno, na viatu vya mjini. Benitha akavitupia macho viatu vile, akamletea mabuti ya akiba. Hakimu akayavaa bila kusema kitu, na mimi nikajizuia kupiga picha, ingawa mkono uliniwasha. Nestory alisimama upande mmoja na koti lake la kanisani. Winston alisimama upande mwingine, mbali, kama alivyozoea siku hizo.

Mama Kantengwa akatokea na kikapu. Hakimu akamtazama Benitha, Benitha akamtazama hakimu, kisha wote wawili wakanitazama mimi. Nikatafuna kwa niaba ya mahakama.

"Mtaalamu, tuonyeshe," hakimu akasema.

Kwanza Benitha aliwapeleka kwenye lile chipukizi la Winston lililonyunyiziwa dawa. Lilikuwa la njano, limedumaa. Akalikata. Ndani kulikuwa kweupe, maji yakachuruzika, basi. Akawasha moto mdogo wa majani makavu, akalipitisha panga lake humo mpaka chuma kikawa hakishikiki, akaliacha lipoe. Akasogea kwenye mgomba wenye kitambaa chekundu, akamgeukia mzee.

"Mzee wangu, naomba ruhusa."

Mzee alimtazama hakimu. Hakimu akatikisa kichwa kukubali. Mzee akamwambia, kwa sauti ndogo, "Kata."

Akakata. Tukangoja. Halafu, pole pole, usaha wa manjano ukaanza kutoka kwenye jeraha, tone kwa tone, ukatanda juu ya shina. Hata mimi wa kwenye sahani nilielewa.

"Dawa ya magugu inaweza kufanya hivi?" hakimu akauliza.

"Haiwezi, mheshimiwa. Huu ni mnyauko."

"Una uhakika?"

"Kuhusu mgomba, ndiyo. Kuhusu umefikaje hapa, nina dhana tu, na nimeiandika kama dhana."

Mzee Nestory hakuwa ameisoma dhana hiyo. Hakimu akamsomea. Kijiji kizima kilichokuwa kimejipenyeza nyuma yetu kikasogea kusikia. Mzee aliyatazama mapengo ya mikungu kuanzia jikoni mpaka barabarani, moja baada ya jingine, nikajua anaikumbuka siku ile na nyimbo zake.

"Kwa hiyo ni sherehe ya binti yangu?"

Benitha alikuwa ameuma mdomo. Aliyetuokoa ni mama Kantengwa. Aliweka kikapu chini, akashika kiuno, akaanza kucheka.

"Mae! Mzee, tulidhani tumepokea mahari. Kumbe sisi ndio tulioilipa, kwa migomba!"

Kicheko kikampata jirani mmoja, kikawapata wengine, kikafika kwa Winston ambaye alijaribu kukikaba akashindwa. Mzee Nestory akamtazama yule kijana aliyekuwa hajamsalimia tangu shauri lianze. Nadhani alitaka kukasirika. Lakini akacheka na yeye, machozi yakimtoka, na sikuweza kujua ni machozi ya nini.

Hakimu akatoa ruhusa mashina yote yenye ugonjwa yakatwe siku hiyo hiyo, picha zangu zikitosha kuwa ushahidi. Mzee akasema hakuna haja, anaomba kuliondoa shauri. Hakimu akamwambia aje aliondoe mahakamani kwa utaratibu, lakini panga lisingoje. Basi mzee akaanza kufungua vitambaa vyake, kimoja kimoja, kwa mikono yake mwenyewe.

Hapo ndipo Winston alipofanya jambo lililonitoa machozi mimi, na mimi si mwepesi. Alikimbia kwake, akarudi na panga. Hakuvuka mpaka. Alisimama pale pale, akauomba moto wa Benitha, akalipitisha panga lake upande huu na upande huu, mbele ya mzee, mpaka mzee mwenyewe akasema, "Limetosha, mwanangu. Ingia."

Wakakata mpaka jua likazama. Walipoteza upande wote wa njiani na kona ya nyuma ya nyumba. Kilichobaki ni kingi, na ni kizima mpaka leo.

Shauri lilipoondolewa rasmi, mzee aliwaita ndugu na majirani kunywa rubisi, na Winston ndiye aliyeketishwa kando yake. Mimi na Benitha tulifika tumechelewa kwa sababu ya pikipiki yake. Langoni tukakuta moto unawaka na mzee Nestory amesimama kando yake na kijiti chenye panda, kile cha kuvunjia maua dume bila kutumia panga, amekishika kama rungu la askari. Ndugu walikuwa wamepanga foleni na mapanga yao. Hapiti mtu. Mjomba mmoja mnene alilalamika kwamba panga lake ni jipya, bado lina karatasi ya dukani.

"Karatasi itaungua," mzee akamwambia. "Pitisha."

Mimi nilikuwa na kisu kidogo kwenye mkoba, cha kukatia keki niliyowaletea. Nikakitaja kwa mzaha. Mzee hakutania hata kidogo, alikitoa mkobani na kukichoma mbele ya watu, na mpini wa plastiki ukapinda. Mpaka leo nakitumia hivyo hivyo kilivyo.

"Na wewe Bibi Shamba?" akauliza. "Umekuja na nini?"

"Nimekuja mikono mitupu, mzee."

"Ilete."

Benitha akainyoosha mikono yote miwili. Mama Kantengwa alikuwa ameshafika na kikapu, akaijaza kahawa mpaka nyingine zikamwagika kwenye mabuti. Benitha alizitupia zote mdomoni kwa mara moja, akatafuna amefumba macho, akatafuna kana kwamba ametoka kifungoni. Mama akasimama akimtazama mpaka alipomeza.

"Tamu?" akamuuliza.

"Tamu, mama," Benitha akasema, na yeye hakuwa anadanganya.